Yaya na Mwanga Usiotaka Kuondoka

Yaya wangu alikuwa akisalimia mbuzi. Ninalisema mapema, ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee. Alikuwa akitoka jikoni kwetu, Butembo, jiko la zamani lenye kuta nyeusi kwa moshi na dirisha la kupitisha paka tu, na jua la saa sita likimngoja nje. Akifika mlangoni anasimama, anapaza sauti: "Jambo yenu bote!" Kama uani kuna watu, wanaitika. Kama kuna mbuzi wa jirani peke yao, wanainua vichwa, wanamtazama, wanarudi kwenye maganda yao ya ndizi.

Hakuwa mwendawazimu, hata kidogo. Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, kifungua mimba wa mama, alitupita sote kwa akili. Kilichomsumbua ni macho. Akitoka gizani kuingia mwangani, dunia yote ilikuwa nyeupe, na ilibaki nyeupe. Mimi na wewe tunakunja uso kidogo, tunapepesa, basi, tunaona. Yeye alingoja. Mtu angeweza kusali Salamu Maria nzima, polepole, pamoja na Amina yake, kabla macho ya yaya hayajarudi. Na hata yakirudi, kwenye jua kali yaliona vitu vilivyotulia tu. Ukuta, aliuona. Mti, aliuona. Mama ameketi anachambua maharage, alimwona. Lakini kuku anayekimbia, mpira unaoruka, mkono unaopungwa, vyote hivyo kwake havikuwepo mpaka visimame.

Ninaandika haya kwa sababu kuna siku macho hayo nusura yamuue, kwenye barabara ya Beni, wakati wa vita. Lakini siwezi kuanzia hapo. Mtu asiyejua macho yale yalivyofanya kazi hatamwelewa yaya, atamwonea huruma tu, na huruma yaya hakuitaka. Alikuwa akisema huruma haijazi sufuria.

Kwetu, kumpita mtu bila salamu ni tusi. Unaweza kusamehewa wizi wa kuku, lakini si kumpita mama wa mtu njiani na mdomo umefungwa kama mlango wa kanisa siku ya kazi. Sasa fikiri msichana ambaye watu wanamsogelea juani na yeye hawaoni! Walimwita mwenye kiburi. Walisema anajiona mzungu. Mama alieleza mpaka akachoka, kila mtu akitikisa kichwa kwa adabu na kuendelea kuamini alichokiamini. Ndipo yaya, akiwa bado mtoto, akajitafutia dawa: kusalimia kwanza, kwa sauti, kila anapotoka, awepo mtu asiwepo. "Heri nisalimie mbuzi," alisema, "kuliko nisisalimie shangazi." Hakuna aliyemwita mwenye kiburi tena. Walimwita mwenye kelele, na hilo alilipenda.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Tulichezeshwa mpira uwanjani mchana, na mpira ulikuwa ukimfikia usoni kabla ya kumfikia machoni. Alitoka damu puani, akaitwa mvivu. Mimi nilikuwa mdogo wake, na hasira yangu tangu utotoni ni moto wa majani makavu. Msichana mmoja aliyemcheka nilimng'ata mkono, na mpaka leo sijatubu. Yaya alinivuta pembeni akaniambia, "Mudogo yangu, meno ni ya kula." Kisha akanionyesha alichokigundua mwenyewe, bila kufundishwa na mtu: alikunja ngumi, akaacha katikati yake tundu dogo la kupitisha punje ya mchele, akaiweka ngumi hiyo kwenye jicho moja. Kupitia tundu lile jua lilipungua, na vitu vikaonekana wazi zaidi. Tangu siku ile, yaya akitaka kuona vizuri nje, alitazama kupitia ngumi. Mama alimtania kwamba anachungulia mbingu kama watakatifu wameamka.

Vita vilipokuja, baba alikuwa amekwisha kufa, na yaya ndiye aliyetulisha. Alinunua viazi kutoka kwa wakulima wa Alimbongo, akavipeleka Beni kwa lori, akarudi na mafuta ya mawese na samaki wakavu. Wanaume wengi wenye macho mazima waliogopa barabara ile. Yeye alikwenda, na mimi nikaenda naye, nikitembea mbele, yeye ameshika ncha ya kitenge changu. Watu wa lori walidhani ni mapenzi ya dada na mdogo wake, na hawakukosea sana.

Sasa ngojeni, niwaeleze kile ambacho wakati ule hatukukijua.

Miaka baadaye, nikiwa tayari mwalimu wa biolojia, nilifuata masomo ya nyongeza pale Butembo. Profesa alikuja kutoka mbali, akashuka na ndege Mavivi, akatufikia suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Umeme haukuwepo. Alikuwa na chaki na ubao uliopasuka katikati, na kwa chaki ile alituchorea jicho.

Nyuma ya jicho, alisema, kuna seli zinazopokea mwanga. Mwanga ukiingia, unagonga protini iliyokaa ndani ya seli, na protini hiyo inamwamsha jirani yake. Huyo jirani anaitwa protini G. Akiwa amelala, ameshika kitu kidogo kinachoitwa GDP. Akiamshwa anakiachia, anashika GTP, ambayo ni kitu kilekile chenye kipande kimoja zaidi. Maadamu ameshika GTP, yuko macho, anafanya kazi, anapeleka habari mbele. Habari inapokewa, inakuzwa, na mwishowe ubongo unaambiwa: mwanga!

Wote tuliandika. Kila mtu anapenda mwanzo wa kitu. Kisha profesa akaweka chaki chini akatuuliza, "Na ni nani anazima?"

Walimu watu wazima, wenye diploma zao, hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba kuona ni lazima kuzimwe. Akatueleza. Kama habari ya mwanga wa sasa hivi haiondoki, habari ya mwanga unaofuata itaingilia wapi? Jicho linalowashwa bila kuzimwa haliwezi kuona kitu kinachopita, kwa sababu bado linapiga kelele juu ya kile kilichokwisha kupita.

Protini G ana mkasi wake mwenyewe. Anaweza kukata kile kipande cha GTP, akabaki na GDP, akalala. Lakini mkasi ule ukiachwa peke yake ni wa uvivu, unachukua muda wake. Ndipo inakuja protini nyingine, ya kudhibiti. Hii haikati kitu. Inachofanya ni kumkumbatia protini G na kumshika katika mkao unaofaa, na hapo mkasi wake mwenyewe unakata mara moja. Kazi imekwisha. Seli imenyamaza, tayari kwa mwanga mwingine.

Nilifikiria jinsi tunavyosindikiza wageni. Mgeni wa kwetu hafukuzwi, hata akikaa mpaka sufuria ikauke. Lakini mwenyeji akisimama, akamshika mkono, akatembea naye mpaka njiani wakiongea, mgeni anakwenda kwa miguu yake mwenyewe, na kwa furaha. Asiposindikizwa, ataaga leo, atasimama mlangoni, atakumbuka habari nyingine, ataketi tena. Protini ile ni msindikizaji. Niliipenda. Ndiyo, mtu anaweza kupenda protini, mnicheke tu! Dunia hii inawasifu wanaowasha: wanaoanzisha vyama, wanaoanzisha vita, wanaopiga ngoma. Na humo ndani yetu, katika kila jicho linalosoma maneno haya, wako hawa wasio na sifa, wanashika mkono, wanasindikiza, wanarudi, wanamshika mwingine, haraka kuliko kufumba na kufumbua. Jamaa zao wako pia ndani ya ubongo, ndani ya moyo, ndani ya mishipa ya damu, kila mmoja na wageni wake. Bila wao mwili ungekuwa soko ambalo kila mtu anapiga kelele na hakuna anayenunua.

Halafu profesa akasema, kama mtu anayeongeza chumvi tu, kwamba kuna watu wachache duniani wanaozaliwa bila yule msindikizaji wa jichoni, au bila protini inayomfunga mahali pake pa kazi. Watu hao si vipofu. Lakini mwanga wa ghafla unawafunika kwa muda, na vitu vinavyotembea, mpira kwa mfano, vinawapotea.

Nilisimama. Sikuomba ruhusa. Nilisema "Yaya!" kwa sauti hata darasa zima likageuka, na profesa akadhani nimeumwa na mdudu. Nilikaa chini nikalia, mwanamke mzima, mbele ya ubao uliopasuka.

Sitaapa. Hakuna aliyepima damu ya yaya, na sijui hata ingepimwa wapi. Lakini kila neno lilimwangukia yeye. Jioni ile nilimweleza yote, msindikizaji na mgeni, nikichora kwenye mavumbi. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika mbavu. "Donc mu macho yangu kuko mugeni hana haya!" Kisha akasema kwamba anamshukuru Mungu kwa kumpa kinywa cha kusalimia, kwa kuwa macho yangemkosanisha na mtaa mzima. Mimi nilichokiona ni kikubwa zaidi ya hapo. Mwanamke huyu alikosa kitu ambacho Mungu amempa hata panya, na kwa ngumi na kwa salamu alikuwa amejijengea njia ya kuona ambayo vitabu vyangu havikuwa nayo.

Lakini siku ya barieri, kizuizi cha askari barabarani, neno hata moja la haya yote hatukulijua.

Barieri ile ilikuwa upande wa Kalunguta. Mwanzi umelazwa njiani, na kando yake nyumba ya mbao iliyofunikwa turubai, giza ndani kama tumbo la ng'ombe. Abiria walishuka kwenye lori, wakaingia upande mmoja, mizigo ikapekuliwa, wakatokea upande wa pili kwenye jua. Hapo unasimama. Askari anakupungia mkono upite, au anakuinulia kiganja ungoje. Hawakupenda kusema. Mkono wa mwenye bunduki unajitosheleza.

Siku zote nilitoka mbele na yaya nyuma, ameshika kitenge. Siku ile askari wa ndani alitutenganisha. "Moja moja!" Nikatoka peke yangu, nikapungiwa, nikavuka mpaka karibu na lori. Nilipogeuka, yaya alikuwa mlangoni.

"Jambo yenu bote!" akasema.

Askari wa njiani, aliyekuwa akitafuna muwa, akampungia mkono: pita. Yaya hakutikisika. Akampungia tena, kwa hasira. Yaya akageuza kichwa polepole, akimtafuta mtu wa kumwelekeza, na kwa mazoea ya maisha yake yote akakunja ngumi, akaiweka jichoni. Kwa bahati mbaya uso wake ulikuwa umeelekea kilimani, kule kwenye kambi yao.

"Jumelle!" askari akapiga kelele. "Iko napima camp! Mupelelezi!"

Muwa ukaanguka. Bunduki zikainuliwa. Abiria wote, watu waliokuwa wakiongea juu ya bei ya chumvi, wakarudi nyuma, kwa sababu kila mtu kwenye barabara ile alijua maana ya neno mpelelezi. Ulipelekwa nyuma ya mikalitusi, na lori liliondoka bila wewe. Hakuna aliyeuliza. Yaya alikamatwa mikono, ngumi yake ikafunguliwa kwa nguvu kutafuta jumelle, yaani darubini, iliyofichwa humo. Mkononi mwake hamkuwa na kitu, na hilo liliwakasirisha zaidi.

Mkubwa wao alikuwa ameketi kivulini kwenye kiti cha plastiki, beseni la matunda ya marakuja miguuni, anakata moja kwa kisu na kunyonya. Nilimkimbilia. Sijui nani aliniruhusu. Hasira yangu haikuomba. "Afande, macho yake iko na ugonjwa! Akitoka mu giza, haone! Kitu inatembea, haone!"

Akanitazama, akatema mbegu moja. "Kila mupelelezi iko na ugonjwa. Wa jana alikuwa bubu."

"Afande, naapa mbele ya Mungu!"

"Mutu anaweza kuapa," akasema. "Macho haiape." Akaamuru yaya arudishwe ndani ya nyumba ya giza, akae humo, halafu atolewe. Akainuka, akachukua marakuja kwenye beseni, akaenda akasimama mbele ya mlango. Hapo nikaelewa. Mtu mwenye macho mazima, ukimtupia kitu usoni, atafumba, ataruka, atainua mkono, hata awe amefundishwa upelelezi na shetani mwenyewe. Nilifungua kinywa nimwonye dada yangu, na mtutu wa bunduki ukalala juu ya kifua changu. "Ukisema," askari akaniambia polepole, "atabaki hapa."

Mungu yangu! Mimi, ambaye hata padri hajawahi kuninyamazisha, nilinyamaza. Nilitamani awe kipofu kabisa. Nilimwomba Bikira Maria kwamba, kwa siku hii tu, yale macho yaliyotutesa miaka yote yasifanye kazi, hata kidogo.

Yaya akatolewa juani. "Jambo yenu bote," akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Mkubwa akatupa. Marakuja ikapita karibu na sikio lake, ikapasuka kwenye mbao. Yaya hakupepesa. Kichwa tu kiligeuka baadaye, kufuata mlio. Mkubwa akachukua nyingine, akasogea, akatupa kwa nguvu. Ikampiga shavuni. Macho yake yalikuwa wazi mpaka ilipomgusa, wazi kabisa, yakiitazama nyeupe yake. Maji ya tunda yakamtiririka shingoni.

Hakulia. Akajipangusa kwa mkono, akaonja kidole, akajua ni nini. Akasema, kwa adabu yote ya nyumbani kwetu, "Afande, kama ni zawadi, unipatie mu mukono."

Aka! Nilidhani ndiyo mwisho wetu. Kisha mkubwa akaanza kucheka, tumboni kwanza, halafu mabega yote mawili, na askari walipoona kwamba inaruhusiwa wakacheka nao. Abiria hawakucheka. Mtutu ukaondoka kifuani pangu, nikaketi chini kwenye mavumbi.

Mkubwa alimsogelea akasimama mbele yake. Akangoja. "Na mimi, unaniona?"

"Sasa nakuona, afande. Umetulia."

"Na bale?" Akaonyesha vijana wake, waliokuwa wakizunguka na kusukumana, bado wanacheka.

"Bale hapana. Nasikia tu sauti. Bale kila siku banatembea-tembea."

Alisimama pale akiufikiria mchezo mpya. Sijui alikuwa mtu gani, wala mikalitusi ile inajua nini juu yake. Nasema tu nilichokiona. Aligeuka akawapigia kelele: "Simama! Bote! Hapana tikisika! Huyu mama akipita hapa, munasimama namuna hii mpaka anaona mukono yenu. Mumesikia?"

Wakasimama. Watu waliokuwa wakiisimamisha barabara nzima, malori, wagonjwa, maiti zinazopelekwa kuzikwa, walisimama juani bila kutikisa kidole, bunduki zinaning'inia, ili mchuuzi wa viazi apate kuwaona. Yaya akakunja ngumi, akaiweka jichoni. Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Akawapitia mmoja mmoja, polepole, toka wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwa wa mwisho alikawia. Kisha akanyoosha mkono, nikaushika, tukapanda lori.

Mwanzi uliinuliwa. Abiria wakaanza kuongea wote pamoja, kama mvua baada ya radi. Mama mmoja alimpa yaya maji ya kunawa shingo, mwingine alitaka kujua kama tunda lilikuwa limeiva. Nilikuwa nikilia na kucheka, nikiapa sitarudi tena barabara hii, nikimwambia kwamba yeye ni shujaa kuliko majenerali wote. Yaya hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ametazama nyuma, ingawa barieri ilikuwa imekwisha kupotea kwenye kona.

Sisi wenye macho mazuri tulizoea kupita pale tukitazama ardhi. Ndivyo ulivyookoka: uone buti, usione uso. Ninaweza kukueleza mpaka leo buti zile zilivyokuwa, zipi zilikuwa na kamba na zipi zilifungwa kwa waya.

"Yaya," nikamwuliza, "kwa nini umenyamaza? Bamekuumiza?"

"Hapana. Miaka yote nilikuwa nafikiri bale askari ni bababa bazima. Mudogo yangu, ni batoto. Ule wa mwisho, bunduki inamupita urefu."